Tupeane uzoefu: mwanamke gani alikufundisha kilimo?

Jembe_la_Zamani: Wadau, juzi nimesoma utafiti wa mwaka 2017 wa watu wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Walipima mifupa ya wanawake wakulima wa kale wa Ulaya ya Kati, wale wa mwanzo kabisa wa kilimo huko. Mifupa ya mikono yao ilikuwa imara kuliko ya wanawake wapiga makasia wa siku hizi, kwa 11 hadi 16%. Inadhaniwa ni kwa sababu ya kulima na kusaga nafaka kwa mawe.

Nikamkumbuka bibi. Kabla hatujavuna mahindi alipita shambani peke yake na vipande vya kitambaa, akifunga shina moja hapa, jingine pale. Hayo hayaguswi. Yalianikwa juu ya moshi wa jikoni, na siku ya kupanda alipukuchua punje za katikati tu; za nchani na za kitakoni walikula kuku. Shuleni nikaja kuambiwa huo ni uteuzi wa mbegu, na kitabuni picha ni ya mwanamume na trekta!

Haya, leteni na zenu.

Mstaafu: Mimi nilikuwa bwana shamba (cheo chenyewe kinajieleza). Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naita kina baba tu kwenye mafunzo. Mzee mmoja kila nikimuuliza, mlipanda lini, mliachia nafasi kiasi gani, anageukia mlangoni: "Mama, eti tulipanda lini?" Swali la nne nikamwomba mama aje akae nasi. Mzee akashukuru, akaenda zake kulala. Mafunzo nikayahamishia alasiri, maana asubuhi kina mama wako kwenye maji na kuni.

Kijana_wa_Mjini: Tusizidishe chumvi. Kwetu baba ndiye aliyelima, mama alikuwa mwalimu.

Mstaafu: Sawa kabisa, mwanangu. Ila FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 walikadiria wanawake kuwa 43% ya nguvukazi ya kilimo katika nchi zinazoendelea. Mavuno yao yalikuwa pungufu kwa 20 hadi 30%, na chanzo ni uhaba wa ardhi, mbolea na mikopo. Kulima wanajua.

Chavua: Kazi yangu ni kuchavusha mahindi kwa mkono kituoni: mfuko wa karatasi kwenye mbelewele, mwingine kwenye hindi kabla ndevu hazijatoka. Jioni unanuka chavua mpaka kwenye nywele. Barbara McClintock, mwanasayansi wa Marekani, kazi hii aliifanya miaka mingi, na miaka ya 1940 akagundua vinasaba vinavyohama, yaani vinavyoruka kutoka sehemu moja hadi nyingine kwenye kromosomu. Wenzake wengi hawakumwelewa. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983, ana miaka 81.

Msomaji_Kimya: Huwa sichangii, leo nitasema. Mama alilima shamba moja miaka 22. Baba alipofariki, ndugu wakaja na hati yenye jina la baba. Mama hakubishana. Aliingia ghalani, akatoka na kibuyu cha mbegu, akaomba tumshikie mfuniko usidondoke njiani. Msimu huohuo alipanda kwenye shamba la kukodi.

Jembe_la_Zamani: Pole sana ndugu. Hizo mbegu bado mnazo?

Msomaji_Kimya: Tunazo. Dada ndiye anayezitunza.