Nyumba ya Watu ya Brussels: mwenye nyumba hapangiwi?

Wadau, nalileta hili tulijadili. Kuna ndugu amesema mwenye nyumba hapangiwi, akitaka kubomoa abomoe. Mimi nakataa, na ushahidi wangu ni Maison du Peuple, Nyumba ya Watu, iliyokuwa Brussels.

Chama cha Wafanyakazi cha Ubelgiji kilimpa kazi ya kuijenga msanifu majengo Victor Horta, ikafunguliwa mwaka 1899. Kiwanja chenyewe kilikuwa kigumu: mteremko, na umbo halieleweki. Horta akalipinda jengo lifuate kiwanja, akaweka chuma na vioo mahali ambapo wengine wangejaza ukuta. Aliyezoea chumba cha giza apate hewa na mwanga, hiyo ndiyo iwe anasa yake. Chini palikuwa na mkahawa na maduka ya ushirika, kisha maofisi, na juu kabisa ukumbi mkubwa wa mikutano. Ushirika huo ulianza kwa kuoka mikate! Kwa hiyo ukiniuliza nyumba ilikuwa ya nani, nitakwambia ni ya kila mama aliyekwenda kununua mkate wake pale.

Mwaka 1965 wakaibomoa. Wasanifu kwa mamia, kutoka nchi mbalimbali, walipinga, haikusaidia. Wenyewe wanasoshalisti, yaani warithi wa chama kile cha wafanyakazi, waliona haiwafai tena. Sawa, jengo la miaka 66 lina gharama, hilo silibishi. Kinachoniuma ni ile ahadi. Vipande vilifunguliwa, vikatiwa namba, ili siku moja visimamishwe kwingine. Siku hiyo haikufika. Vyuma viliachwa nje vikala kutu, vingine vikaishia kwenye vyuma chakavu. Kwenye kiwanja kile leo pana mnara wa maofisi.

Ukifika Brussels, shuka kituo cha chini ya ardhi kinachoitwa Horta. Utaona vipande vya kingo za chuma vya nyumba ile, vimepindwa laini kama mche unaotambaa. Ukingo wa ngazi, bila ngazi yake. Nyumba nzima ya wafanyakazi imebaki pambo la kituo, na vipande vingine viko kwenye mkahawa mmoja wa Antwerp.

Sasa ndugu yangu unayesema mwenye nyumba hapangiwi, nijibu hili kwanza: wale waliochangia kwa senti za mkate, wakafa kabla ya 1965, walikuwa wenye nyumba au wapangaji? Na ukumbi wa wafanyakazi mjini kwako ukifunguliwa kesho kipande kwa kipande, uambiwe utajengwa upya pengine, utakubali?