Eti "chokaa ni chokaa"! Huyu mtaalamu wetu wa mabwawa atatumalizia sato

Mkereketwa wa Uyole:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mnamjua, sitaji jina. Yule wa gambuti zisizojua tope, anayejibu kila swali kwenye kundi kwa sauti ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Leo mama wa watu kauliza kistaarabu: bwawa lina sato ndani, maji yamepungua chokaa, aweke ipi? Jamaa akamjibu, "Mama, chokaa ni chokaa, chukua hata ya kupaka ukuta."

CHOKAA NI CHOKAA! Kwa mantiki hiyo gongo nayo ni maji, si vyote havina rangi?

Nikamwambia taratibu: ya ukutani imechomwa ikazimwa kwa maji, ni kali. Ukiimwaga kwenye samaki, pH, yaani kipimo cha ukali wa maji ambacho katikati yake ni 7, inaruka juu ya 10, ukizidisha inagonga 11 na hapo hata sato wa chuma anageuza tumbo. Kabla haijafika huko, amonia iliyokuwa imetulia inageuka sumu kwa sababu pH imepanda. Ile ni ya bwawa lililokaushwa: unaimwaga juu ya tope kuua vimelea, unajaza maji, unasubiri kama wiki mbili, unapima, ndipo unapandikiza. Lenye samaki linapewa chokaa ya kilimo, mawe yaliyosagwa bila kuchomwa. Hiyo inayeyuka polepole, na pH ikikaribia 8.3 inagoma yenyewe.

Akanijibu, "Dogo, acha kusoma Google." Dogo! Na mvi zote hizi! Kisha akarudia, chokaa ni chokaa, na kikatuni cha kucheka juu.

Kijana wa Tukuyu:
Nimekaa paleee na chai yangu. Endeleeni.

Babu Tope:
Mtoa mada umelia kurasa nzima, kilo hujataja. Bwawa la mita 10 kwa 20 ni mita za mraba 200. Chokaa ya kilimo ni kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, kwa hiyo kilo 20 hadi 40. Udongo mwekundu wenye asidi unataka zaidi. Kama samaki wamo, koroga kwenye ndoo, gawa kwa siku kadhaa, mwagia bwawa zima, usirundike kona moja. Na kama maji yanaingia na kutoka kutwa nzima, usijisumbue, unamwekea chokaa jirani wa chini.

Mkereketwa wa Uyole:
Babu, shikamoo, lakini hoja si kilo. Hoja ni kwamba ALISEMA chokaa ni chokaa!

Dada Makambako:
Mfuko hauna maandishi. Nitaijuaje?

Babu Tope:
Weka kijiko kimoja kwenye sahani, kamulia ndimu. Ya kilimo inatoa povu palepale. Iliyozimwa, kama bado mpya, inanyamaza. Iliyokaa wazi muda mrefu nayo hutoa kidogo, isikudanganye. Ile ambayo haijazimwa ukiidondoshea maji inapata moto. Usishike kwa mkono mtupu.

Fundi Bwawa:
Mnarukia kuweka kabla ya kupima. Pima pH alfajiri na saa tisa alasiri, palepale. Ikiwa 6 alfajiri na 9.5 alasiri, maji hayana akiba ya kutuliza pH: mwani unanyonya hewa ya ukaa mchana na hakuna cha kuzuia pH isipande. Kuna vipimo vya matone vya kupima akiba yenyewe. Chini ya miligramu 20 kwa lita weka chokaa, 50 kwenda juu kaa utulie. Halafu msichanganye na mbolea ya DAP siku moja, chokaa inaifunga fosfeti yake inazama nayo. Achanisheni wiki mbili.

Mama Vifaranga:
Afadhali nyie wa chokaa. Kuna mwingine hapa mjini, mnamjua pia, anauza vifaranga "madume watupu", miezi michache bwawa limejaa vijukuu!

Kijana wa Tukuyu:
Mama, si ulivigeuza tumbo ukaangalia? Wakifika gramu 30 hivi, dume ana matundu mawili, jike matatu. Paka wino kidogo uone vizuri.

Mama Vifaranga:
Vinauzwa gramu moja, mwanangu! Niangalie kwa darubini?

Mkereketwa wa Uyole:
Jamani, uzi ni wa CHOKAA.

Baridi ya Makete:
Sato wangu hawakui kabisa, tatizo chokaa?

Fundi Bwawa:
Tatizo Makete. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 sato anakula kwa kubembelezwa. Huko fuga trauti, ila anataka maji yanayotembea.

Baridi ya Makete:
Na vifaranga vya trauti?

Mama Vifaranga:
Usinunue kwa yule wangu!

Dada Makambako:
Chakula cha kuelea cha milimita 2 kinapatikana Mafinga au mpaka Iringa mjini?