Mjadala: vijiwe viwili vya bajaji vinapakana, tuungane au kila mtu na katiba yake?

Mtoa mada: Wakuu habari za jioni. Huku Kimara tuna vijiwe viwili vya bajaji, cha juu na cha chini, vyote tunabeba abiria wanaoshuka mwendokasi kwenda huko ndani Bonyokwa. Kila kijiwe kina chama chake na mweka hazina wake, sio biashara ya mtu, ni umoja wa kupanga foleni na kushikana mkono kwenye shida. Mezani kuna mambo matatu: tuvunje vyote tuwe chama kimoja, au vibaki halafu iwepo kamati ya watu sita, watatu huku watatu kule, au tuandikishane tu nani apakie wapi. Mi naunga mkono chama kimoja, maana mgambo wakija kila kijiwe kinasema pale ni pa wale. Ila tusirudie ya mwaka jana, mfuko mzima unakombwa kwa msiba wa mama mkwe wa mtu. Karibuni.

Kiti cha Mbele: Mengine yote sawa ila hapo kwa mama mkwe umenikwaza, na mfiwa ni mimi, wala hukuja hata kuaga. Mfuko mzima upi? Kila mtu alitoa buku mbili.

Spea Feki: Pole mkuu. Ila ukweli usemwe, katiba ya chini inasema mzazi, mwenza na mtoto. Mama mkwe hayupo.

Kiti cha Mbele: Ya juu inasema "mzazi", haijasema wa nani. Mama wa mke wangu ni mama yangu. Wewe uliyelelewa na redio huwezi kuelewa.

Mama Vitumbua: 😂😂 redio tena

Mzee wa Daftari: Turudi kwenye mada vijana. Kamati ya watu sita mkifungana tatu kwa tatu nani anaamua? Halafu vyama vyenu vimesajiliwa wapi? Jumuiya ya kawaida iko kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Mkitaka kuweka na kukopeshana hiyo ni SACCOS, mnaenda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, sheria ya 2013. Huwezi kuunganisha kitu chenye cheti na kitu chenye mhuri wa serikali ya mtaa ukaita chama.

Spea Feki: Sijalelewa na redio, nimelelewa na bibi, na bibi alipofariki hamkunichangia hata mia. Leo mama mkwe anakuwa mzazi.

Gia ya Tatu: Ndo maana sitaki kuungana. Huku chini tuna kikundi chetu cha vijana tunaomba ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, tukimezwa na chama cha watu kibao nani atatukopesha?

Mpita Njia: Hiyo mikopo si ilishafutwa?

Gia ya Tatu: Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, haina riba. Nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Soma kwanza.

Mpita Njia: Nimeuliza tu, unafoka nini. Ndo mnavyofokea abiria wenye chenji ya elfu kumi.

Mama Vitumbua: Hapo kwenye chenji umenena baba. Juzi kanizungusha mpaka kwa mangi, kanunua maji ya kwake kwa hela yangu ndo ipatikane chenji!

Gia ya Tatu: Mama asubuhi yote hiyo unakuja na noti nyekundu unategemea nini. Toka na jero zako.

Mzee wa Daftari: Hamjanijibu, tatu kwa tatu?

Tajiri Mdogo: Mi nina bajaji mbili pale juu na nasema wazi, chama kiwe cha wenye vyombo. Dereva leo yuko kwangu kesho kahamia Mbagala, unampaje kura?

Deiwaka: Wewe bosi unakaa Tegeta, foleni ya pale hujawahi kuiona hata kwa picha. Mvua ikinyesha, bajaji ikizama kwenye lile korongo, tunaosukuma ni sisi. Mgambo akikamata anayelala ndani ni mimi, sio kadi ya bajaji.

Tajiri Mdogo: Lete hesabu yangu ya Jumanne kwanza ndo uongee habari ya kura.

Kiti cha Mbele: Hawa deiwaka, madereva wa vyombo vya watu, hawakuchanga msiba wowote, tuanzie hapo.

Deiwaka: Tumechanga! Angalia daftari, buku mbili zangu zipo, za mama mkwe wako huyohuyo. Kwenye kuchanga sisi wanachama, kwenye kura sisi deiwaka. Jumapili tunakuja kikaoni wote.

Mtoa mada: Mkuu Jumapili ni viongozi wa chama tu.

Spea Feki: Chama kipi?