Wauza desktopu used, acheni kuwadanganya watu kwa "utaongeza baadaye"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Mimi ni fundi kompyuta hapa Dar. Kijana anayehariri video za harusi kaniletea CPU yake nimfungie RTX 3060, kadi ya grafiki aliyoidunduliza muda mrefu. Kava ni slimu, yaani jembamba, kadi haiingii. Siku anainunua hiyo mashine muuzaji alimwambia: "Hii ni desktopu bwana, siyo laptopu, utaongeza chochote baadaye."

Ni uongo, na naukuta kila mara kwa wateja wanaotoka maduka ya used.

Chukueni mfano OptiPlex 7050 ya Dell, ya mwaka 2017. Jina ni hilo hilo, ila kuna tauwa (kava kubwa la kusimama), kuna slimu, na kuna ile ndogo kabisa, Micro. Slimu inapokea kadi za kimo kifupi tu na pawa saplai yake (kifaa cha ndani kinachogawa umeme) ni wati 180. RTX 3060 peke yake inakula wati 170! Prosesa na diski vitakula nini? Mtu atasema badilisha pawa saplai. Kwa ipi? Umbo lake ni la peke yake, na plagi inayokwenda kwenye mazabodi (bodi kuu) siyo ile ya kawaida ya pini 24. Kinachobaki ni kadi fupi zinazotosheka na umeme wa sloti inakochomekwa kadi, usiozidi wati 75, kama GTX 1650 za kimo kifupi, na kuzipata ni kuhangaika. Hata tauwa yake inakuja na wati 240, kwa hiyo nayo huibebeshi kadi yoyote tu. Micro ndiyo kabisa: RAM za laptopu, adapta ya nje, sloti ya kadi ya grafiki haina.

Dell hawajamdanganya mtu, vipimo vyao viko wazi. Anayedanganya ni anayeuza.

Halafu kuna hili la "utapandisha prosesa uweke Windows 11". 7050 inakubali Intel kizazi cha 6 na cha 7. Cha 8 nacho soketi yake (tundu la prosesa) inaitwa LGA 1151 kama ya hivyo, lakini kwenye mazabodi hiyo hakiwaki. Windows 11 rasmi inataka kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa prosesa chache mno, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Mteja anauziwa matumaini ambayo hayapo!

Sisemi slimu ni mbovu. Kwa stationery au ofisi inafaa sana, unaongeza RAM, unaweka SSD, kazi inakwenda. Lakini mtu kakwambia anahariri video, kwa nini unampa slimu?

Wauzaji mlio humu nijibuni: mnashindwa nini kumfungulia mteja kava aone sloti na lebo ya wati kabla hajatoa hela? Kijana karudi dukani, kaambiwa mali ikishatoka hairudi. Harusi za watu zinamsubiri.

Mwenye tauwa yenye pawa saplai ya kawaida, wati 550 kwenda juu, anayekubali kubadilishana na slimu aongezewe pesa, anitafute PM. Aje na picha ya ndani ya kava.