Verstappen: kipaji tunakiona, ila hiyo hasira je?

Boda_wa_Busia: Jamani hapa Kampala tumebishana hadi chai imepoa, mimi nasema Max Verstappen ndo mkali kuliko madereva wote wa sasa wa mbio za magari za Formula 1, Brazil 2024 kaanza wa 17, mvua inamwagika, na bado akashinda! Ila yale matusi ya kwenye redio mbona?

MamaRally: Kipaji hakuna anayebisha kaka, 2023 mbio 22 kachukua 19. Lakini kumgonga mpinzani wake Russell vile Hispania 2025 ni utoto tu.

Jinja256: Utoto gani banange, si ndo ukali huohuo unaompa ushindi? Na lile tusi la 2024 mbele ya waandishi wa habari alishalilipia, FIA, wale wasimamizi wa mbio, wakampa kazi ya jamii akaifanyia hapo jirani Rwanda.

Boda_wa_Busia: Kumbe! Basi ningepanda basi nikamwone 😂