Tupeane uzoefu: kuwapeleka watoto kwenye michezo ya maji kwa bajeti finyu

Mama Wawili
Habari za jioni, wanajukwaa. Nimewaahidi wanangu wawili na mtoto wa dada yangu kwamba likizo hii nitawapeleka kwenye mabwawa yenye mabomba ya kuteleza upande wa Kunduchi, nami ahadi ikishanitoka mbele ya watoto hairudi. Nimetenga shilingi laki moja kwa watu wanne, pamoja na nauli ya kutoka Mbagala kwenda na kurudi. Waliokwisha kwenda na familia mahali pa namna hiyo, popote pale, naomba mnieleze fedha huwa zinavujia wapi.

Konda Mstaafu
Zinavujia njiani, dada yangu. Mtoto wa kupakatwa halipi, anayekalia kiti analipa, na mwanafunzi asiyevaa sare huhesabiwa mtu mzima hata akilia. Panda gari la Rangi Tatu kwenda Makumbusho, hapo uchukue la Tegeta au Bunju, mshuke Mtongani. Kutoka kituoni kuelekea ufukweni bajaji moja inawatosha wote wanne, lakini mpatane bei kabla hamjaketi.

Baba Kulwa
Swali hili limenitonesha kidonda. Mwaka ule nilipiga hesabu ya viingilio vya watu watano, nauli na soda, nikabakiwa na elfu nane, nikajiona waziri wa fedha. Tulipofika ukingoni mwa bwawa, kijana mwenye filimbi alituzuia kwa sababu wanangu walivaa bukta na fulana za pamba, na tangazo la ukutani lilisema kwamba anayeingia majini lazima avae nguo za nailoni, kwani pamba huacha nyuzi zinazoziba machujio. Nguo za kukodi zilikuwepo, na kila moja ilikodishwa kwa bei inayokaribia sahani ya chipsi kuku. Nilikodi mbili, nikawapanga watoto wanne kwa zamu: wawili wakiogelea, wawili wanakaa barazani wamejifunika khanga ya mama yao, wakisubiri wenzao wavue ili wavae nguo zilizolowa. Zamu ya mwisho ilikuwa ya Doto, na alipotia mguu majini filimbi ya kufunga ikalia. Hadi leo tukipita kwenye duka lenye bukta za nailoni hanisemeshi, ananitazama tu.

Kipepeo wa Ilala
Hili la nguo ni kweli tupu. Kazitafute kwenye mitumba mapema, siku hiyo usiwe na haja ya kukodi.

Shangazi Mkali
Mimi nililala saa nane usiku nikipika pilau, nikajaza hotpoti mbili, kumbe chakula cha nje hakiingii. Hakuna sehemu ya kuhifadhi vyombo, na sikuwa tayari kumwachia mlinzi pilau la kilo mbili za nyama. Tulilila lote pale nje saa tatu asubuhi, tumesimama chini ya mwarobaini, hata dereva wa bajaji tukamkaribisha. Watoto waliingia wameshiba hivi kwamba hadi saa saba hakuna aliyeweza kupanda ngazi za bomba kubwa. Faida yake ni kwamba hakuna aliyeomba chipsi.

Mtaalamu wa Bajeti
Chakula kinaingia. Kiweke chini ya nepi za mtoto, hakuna mlinzi anayepekua nepi.

Jirani Mwema
Ndugu Mtaalamu, unawafundisha watoto kuiba mbele ya macho yao, kisha wakikua mnasema vijana wa leo wameharibika. Kama fedha hazitoshi, Coco Beach haina kiingilio, mihogo ya kukaanga ipo, na bahari ni ya Mungu.

Mtaalamu wa Bajeti
Nepi ni zangu, chapati ni zangu, wizi uko wapi? Tena hiyo bahari ya Mungu ina mkondo, na kule kwenye mabwawa nimelipia mtu wa kumtazama mwanangu.

Mjomba wa Temeke
Kuhusu kutazamwa, naomba niwasimulie. Nilikwenda na wapwa zangu watano siku ya Idd Pili, na kosa la kwanza lilikuwa kuchagua siku hiyo, kwa sababu watu walijaa hata maji hayakuonekana. Wakati wa kuondoka, watoto wameshavaa nguo zao za sikukuu, nikahesabu vichwa nikapata vinne. Aliyekosekana alikuwa wa miaka sita, mwenye gauni la njano lenye ua kubwa kiunoni. Nikakimbia huku na huko nikiwa na kiatu kimoja, nikaliona gauni la njano kwenye foleni ya aiskrimu, nikamnyanyua mtoto begani na kuanza kumgombeza. Nilipofika kwa wenzake, wapwa wote wakanyamaza. Nikamshusha nimtazame: hakuwa wangu. Gauni lile Kariakoo nzima ilikuwa imelishona mwaka huo! Kabla sijasema neno, mama yake alikuwa ameshanishika kola na watu wametuzunguka. Nilichoweza kufanya ni kuonyesha kwa kidole, kwa maana nyuma ya mama yule, akiwa ameshika aiskrimu aliyonunuliwa na watu nisiowajua, alisimama mpwa wangu na gauni lake la njano. Tangu siku hiyo mtoto ninayetoka naye huandikwa namba yangu ya simu mkononi kwa kalamu ya wino.

Kipepeo wa Ilala
Na aiskrimu nani aliilipia?

Mjomba wa Temeke
Nililipa mimi, ya wote wawili.

Mtanga wa Paris
Huku Ufaransa hesabu ni hiyo hiyo. Kwenye bustani ya Disneyland tiketi ya siku hupanda na kushuka kufuatana na tarehe, kwa hiyo Jumanne isiyo ya likizo huwa nafuu kuliko Jumamosi, na mtoto aliye chini ya miaka 3 halipiwi. Tunakwenda kwa treni ya RER A hadi kituo cha mwisho, Marne-la-Vallée Chessy, na tangu Januari 2025 tiketi ya treni ni ya bei moja kwa mkoa mzima wa Paris, jambo lililotuokoa sisi wa mbali. Chapati za maji hukaa vizuri mkobani kuliko mkate.

Shangazi Mkali
Mama Wawili, kama bei yenu inafuata kimo, usimsuke mtoto fundo utosini. Wangu alivuka mstari wa ukutani kwa nywele tu, hadi mlinzi alipolibonyeza fundo kwa kiganja ndipo akarudi kuwa mtoto.

Mama Wawili
Nashukuruni. Nitakwenda Jumatano, tutakunywa uji na maandazi kabla ya kutoka, na bukta za nailoni nitazifuata mnadani kesho. Mdogo ana miaka minne na miguu mirefu. Konda, huyo bado ni wa kupakatwa?

Konda Mstaafu
Akilala, ndiyo.