Wanafunzi wangu wa Jumamosi wanapungua, nakosea wapi?

FundiSoketi:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi umeme, kwetu Njombe ila kazi imenileta Tanga, nimepanga Mikanjuni. Tangu Februari najitolea kwenye shule moja ya kata hapa jirani. Kila Jumamosi saa 3 hadi saa 5 asubuhi nakaa na kidato cha pili, fizikia na hisabati kidogo. Kibali cha mkuu wa shule ninacho, hela sichukui kwa mtu. Siku ya kwanza walikuja 23. Juzi walikuwa 6, na wawili walisinzia.

Kuna kijana nilimwambia anieleze kanuni ya Ohm, ile ya umeme unavyopita kwenye waya. Akasimama, mikono nyuma, akaimwaga yote kwa Kiingereza bila kukosea neno, kama anasoma dua. Nikampa betri, balbu ya tochi na vipande viwili vya waya: haya, iwashe. Akavishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga. Wenzake wakacheka. Jumamosi iliyofuata hakuja.

BiMkubwaNgamiani:
Mwanangu, wewe wa bara. Jumamosi asubuhi watoto wa huku wako chuoni, mjukuu wangu mwenyewe harudi mpaka adhuhuri. Weka saa 9, wameshakula. Na wazazi waambie wazi kuwa ni bure. Ada ilifutwa 2016 lakini michango tumeizoea, mtoto akiitwa Jumamosi tunasubiri tu kusikia ni shilingi ngapi.

MwalimuChaki:
Nafundisha sekondari mwaka wa 11 huu. Huyo kijana umeme haujamshinda, lugha ndiyo imemshinda. Hadi darasa la saba sayansi alisoma kwa Kiswahili, kuingia kidato cha kwanza kila kitu kikageuka. Anachokariri ni sauti tu. Anza na mkondo, yaani umeme unaopita, na ukinzani, yaani kinachouzuia usipite kirahisi, hata kwa mfano wa maji ya bomba. Akishaelewa, mpe neno la Kiingereza kama jina la pili la kitu anachokijua, maana mtihani wa taifa hautamuuliza kwa Kiswahili. Halafu kaka, kumsimamisha mtoto peke yake mbele ya wenzake wakati hata hamjazoeana, hapo ulimchoma. Wape betri wawili wawili.

Mzee_wa_Raskazone:
Peleka kachori. Ohm hana mvuto wa kachori.

FundiSoketi:
Bi Mkubwa shikamoo. Kumbe chuo ni madrasa! Miezi mitatu nasikia "yuko chuoni, yuko chuoni", nikawa nasema moyoni watu wa Tanga wamesoma kweli.

Nimehamishia saa 9. Jana walikuja 17. Yule kijana nilimfuata kijiweni, nikamwambia nahitaji mtu wa kugawa betri, akaja. Betri mbili, balbu ikawaka. Akaongeza ya tatu bila kuniuliza, halafu ya nne, puu, ikaungua. Akanitazama akisubiri kufokewa. Nikamuuliza imeungua kwa nini. Akafikiri, akasema mkondo umezidi uwezo wa ule uzi wa ndani. Kwa Kiswahili, na mikono haikuwa nyuma.

Baada ya hapo kila kundi likataka kuunguza ya kwake. Anayejua duka la jumla la balbu za tochi hapa mjini anielekeze, zangu zimeisha.